Anza Kuhesabu Wadudu wa Kijito Kabla Tingatinga Halijafika

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye kikao katika kijiji kimoja nje ya Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo (DRC). Kina mama walikuwa wamekuja na chupa ya maji ya kijito chao, mekundu kama udongo wa matofali, wakaiweka mezani mbele ya watu wa kampuni iliyokuwa imeanza kuchimba juu ya kijiji. Mmoja wa wageni aliitazama chupa kwa muda, akauliza kwa upole hali ya maji kabla ya mgodi: “Sasa mbele, hii maji ilikuwa namna gani?” Mzee mmoja akasema yalikuwa safi. Mama mwingine akasema watoto walikuwa wakikamata kaa pale pale wanapofulia. Wakaulizwa kama kuna karatasi. Karatasi haikuwapo, na kikao kikafungwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia watu wa vijiji na mitaa ya pembezoni jambo moja: kama kampuni imeonyesha nia ya kuchimba karibu na kijito chenu, anzeni kuandika hali yake sasa. Vipimo vya baada vinaweza kufanywa mwaka wowote, na mtu yeyote. Vipimo vya kabla vina muda wake, na muda huo ukipita hata kampuni yenye fedha zote haiwezi kuununua. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo ya kabla, na unaweza kufanywa na kikundi cha watu watano wenye beseni, wavu na subira.

Kwa nini wadudu, na si chupa ya maji peke yake

Chupa ya maji inaeleza dakika ile uliyoichota. Asidi ikimwagika usiku, asubuhi imeshapita kuelekea mito ya Kafubu na Luapula, na maabara itakuandikia kwamba maji ni mazuri. Mdudu anayeishi chini ya jiwe amekaa hapo wiki au miezi. Usiku ule wa asidi ulimpitia yeye, na kutokuwapo kwake asubuhi ndiko habari unayoitafuta.

Shaba, ambayo ndiyo utajiri wa Katanga, eneo letu hili, ina ukali wa pekee kwa viumbe vinavyopumua kwa matamvua. Inaharibu namna mdudu anavyoshikilia chumvi mwilini, na chumvi inamtoka mpaka afe. Tena sehemu kubwa ya madini humfikia kwa njia ya chakula: utando wa kijani na kahawia unaoota juu ya mawe hukusanya metali, na wadudu wanaokwangua utando huo huzila kila siku. Kwa hiyo wakwanguaji wa mawe huondoka mapema, wakati samaki bado wanaonekana na maji bado yanang’aa.

Lakini mdudu hasemi jina la sumu. Atakuonyesha kwamba kuna jambo, na maabara ndiyo itakayosema ni shaba, kobalti, matope au sabuni. Wala msichukue wadudu wengi kuwa ruhusa ya kunywa: kijito kinaweza kuwa na wadudu wa kila aina na bado kikawa na vijidudu vya kuhara.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo vitabu vya nchi za mbali havilioni. Vilima vyetu vya shaba vilikuwa na shaba kabla ya mtu yeyote kuja na mashine. Ndiyo maana vingine havina miti mikubwa, vina nyasi na mimea kama Haumaniastrum katangense, inayovumilia udongo ambao ungeua mahindi. Kijito kinachotiririka kutoka kwenye kilima cha namna hiyo huenda kina metali kiasi kwa asili yake. Msipokipima kabla, kampuni itaweza kusema baadaye kwamba hali ilikuwa hivyo tangu zamani, na hamtakuwa na la kujibu.

Hatua ya 1: Kuchagua vituo

Nendeni kwanza kwa shefu wa kijiji, mweleze kazi, na aandike kwamba anajua. Tembeeni kijito chote kwa miguu mkiwa na mtu mzee wa pale. Yeye ndiye atakayewaonyesha chemchemi isiyokauka, mahali muhogo unapolowekwa, na sehemu ambayo vijana huvua kwa buba, mmea wa sumu ya samaki.

Mnahitaji vituo vinne. Cha kwanza kiwe juu kabisa, mahali ambapo kazi za mgodi hazitafika. Cha pili kiwe chini kidogo ya pale shimo, barabara au bwawa la mabaki ya mgodi linapopangwa kuwekwa. Cha tatu kiwe mbali zaidi chini, karibu na watu wanapochota. Cha nne kiwe kwenye kijito kingine cha jirani, chenye ukubwa na mawe ya kufanana, ambacho hakitaguswa na mgodi. Cha nne ndicho watu hukiacha kwa uvivu, na ndicho kinachookoa kazi yote: mwaka wa ukame ukipunguza wadudu, watapungua na huko pia, nanyi mtajua kwamba si mgodi.

Kila kituo kiwe na urefu wa mita 20 hivi, na kiwe na sehemu ambapo maji yanakimbia juu ya mawe. Msilinganishe kituo cha mawe na kituo cha tope. Wadudu wao hutofautiana hata kama maji ni yale yale. Vijito vingi vya kwetu huanzia kwenye bonde la nyasi lenye maji tulivu na tope jeusi, ndipo vikashuka kwenye mawe. Kama kituo chenu cha juu kinaangukia kwenye bonde hilo, shukeni mpaka mpate mawe, au tafuteni mawe kwenye mkono mwingine wa kijito.

Muhogo nautaja kwa mkazo. Shimo la kulowekea muhogo hutoa maji yenye harufu, yasiyo na oksijeni, na chini yake mtakuta funza wekundu na minyoo tu. Mgeni akipima hapo atasema kijito kilikufa kabla ya mgodi kuja. Wekeni vituo juu ya mashimo ya muhogo, au mbali sana chini yake, na mwandike yako wapi. Vivyo hivyo kwa watengeneza matofali, kwa mahali pa kufulia, na kwa buba: mmea huo huua wadudu pamoja na samaki. Kama umetumiwa ndani ya mwezi uliopita, andikeni.

Hatua ya 2: Vifaa

Wavu ni fremu ya mraba wa sentimita 30 kwa 30 kwenye mpini wa fagio, na mfuko wa kitambaa chenye matundu ya milimita 1. Fundi wa kuchomelea na fundi cherehani watautengeneza kwa siku moja. Tumieni kitambaa cha pazia. Msitumie kamwe chandarua cha mbu kilichotiwa dawa: dawa ile hutoka ndani ya maji, huua wadudu mnaowatafuta, na huua samaki pia. Kwa sababu hiyo hiyo, anayeshika wavu asijipake mafuta ya kufukuza mbu mikononi.

Ongezeni mabeseni mawili meupe (mdudu wa kahawia haonekani kwenye beseni la bluu), kibano, vijiko vya plastiki, kioo cha kukuza mara 10, vichupa vyenye kifuniko kigumu, saa, penseli na daftari lenye kurasa zilizopigwa namba. Kipimajoto na karatasi za kupimia asidi ni rahisi kupata. Mkiweza kupata kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kinunueni kabla ya kitu kingine chochote. Chumvi za salfeti zinazotoka migodini hukipandisha mapema.

Pombe ya kuhifadhia itoke kwa muuza dawa, ya asilimia 70 au zaidi. Nimeona watu wakitumia lutuku, pombe kali ya kienyeji. Nguvu yake hubadilika kutoka chungu hadi chungu, na wadudu wakaoza ndani ya wiki mbili, pamoja na ushahidi wote wa msimu.

Vaeni buti za mpira. Maji yaliyotulia yenye konokono huweza kuwa na kichocho, hasa mchana jua likiwa kali. Msiende peke yenu, na msivuke uzio au alama za kampuni bila ruhusa ya maandishi.

Hatua ya 3: Lini

Mara mbili kwa mwaka zinatosha, mkizishika kwa uaminifu. Ya kwanza ni Mei, mvua zikiwa zimekatika na maji yanapungua. Ya pili ni Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, maji yakiwa machache na uchafu wowote ukiwa umejikusanya. Katikati ya masika msijisumbue: mafuriko huwasomba wadudu, na mto mzima huonekana mtupu bila kosa la mtu. Kama mvua kubwa imenyesha, ngojeni wiki mbili.

Fanyeni hivyo miaka miwili kabla ya kuchimba kuanza, ikiwezekana. Mwaka mmoja ni bora kuliko hakuna.

Hatua ya 4: Kukusanya

Anzeni kituo cha chini, mpande kuelekea juu, ili tope mnalolitibua lisishuke kwenye kituo ambacho bado hamjapima. Kabla ya kuingia majini, pigeni picha juu, chini na kingo zote mbili, mkisimama mahali pale pale kila mara. Pimeni joto, asidi na upitishaji wa umeme.

Kisha pimeni tope. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ya lazima, kwa sababu madhara ya kwanza ya mgodi kwa kawaida hayatoki kwenye shaba. Yanatoka kwenye barabara mpya na miti iliyong’olewa: mvua ya kwanza inaleta udongo, udongo unajaza nafasi kati ya mawe, na nyumba za wadudu zinazibwa. Chukueni mawe 20 bila kuchagua. Kila jiwe lina mstari: sehemu ya juu ina utando, sehemu iliyozama kwenye tope haina. Andikeni kama jiwe lilizama robo, nusu au zaidi.

Sasa wavu. Mmoja auweke mdomo wake ukitazama maji yanapotoka, mwenzake asimame upande maji yanakotoka, mbele ya wavu, asugue na kupindua mawe kwa miguu na mikono kwa dakika 2 kamili za saa. Baadaye pitisheni wavu kwenye mimea ya kingo kwa urefu wa mita 2, kisha tibueni kokoto na mchanga kwa dakika 1. Muda uwe huo huo kila kituo na kila mwaka. Kijana mwenye bidii akisugua dakika 5 kituo cha juu, na mchovu akasugua dakika 1 kituo cha chini, mtakuwa mmepima vijana, na kijito hamjakipima.

Mimineni yote kwenye beseni lenye maji safi ya kijito, mngoje. Kwa sekunde chache ni majani na mchanga tu. Halafu jani moja linatembea. Chembe za mchanga zilizogandana kama kibomba kidogo zinatoa kichwa na miguu sita. Kwenye ukuta wa beseni, kitu bapa kama mbegu ya boga kinateleza kwa ubavu, na ukiinamisha kioo unaona matamvua yake yakipepea pande zote mbili za tumbo, moja baada ya jingine. Watoto wa shule niliowapeleka hapo mara ya kwanza walinyamaza kabisa.

Hatua ya 5: Kutambua

Hamhitaji kujua majina ya kisayansi yote. Kipimo cha miniSASS, kilichotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya wananchi, kina makundi 13 tu. Zambia na Tanzania zina vipimo vyao vya kitaalamu vya mto, ZISS na TARISS, na kwa kuwa maji yetu huenda Luapula pamoja na ya Zambia, vielelezo vya ZISS vinawafaa sana wanaotaka kwenda mbali zaidi. Kwa kuanzia, haya ndiyo makundi na pointi zake: minyoo 2, ruba 2, mabuu ya nzi na mbu 2, minyoo bapa 3, konokono 4, kerengende wembamba 4, efemera waogeleaji 5, kunguni wa maji na mende wa maji 5, kerengende wanene 6, kaa na uduvi 6, trikoptera 9, efemera wengine 11, plekoptera 17.

Watatu kati yao ndio roho ya kazi.

Efemera ni wachanga wa wadudu wale wenye mabawa ya kioo wanaoruka jioni juu ya maji na kufa upesi. Wana mikia mirefu kama nywele, kwa kawaida mitatu, na matamvua kwenye tumbo. Waogeleaji ni wembamba na hukimbia kama kisamaki. Wengine hutambaa; walio bapa, wenye macho juu ya kichwa, ndio wakwanguaji wa mawe, na metali huwamaliza mapema. Hao wahesabuni mmoja mmoja.

Plekoptera wana mikia miwili, kucha mbili kwenye kila mguu, na vishungi vya matamvua kwapani. Hupenda maji baridi yanayokimbia. Kwa upande wetu wa Afrika aina zao ni chache, kwa hiyo kijito tulivu chenye joto kinaweza kukosa hata mmoja bila kuwa na tatizo. Msiandike “kijito kimeharibika” kwa sababu hamkumwona mara ya kwanza. Shtukeni pale mlipomwona kila msimu kwa miaka miwili, kisha akatoweka.

Trikoptera hujenga nyumba za mchanga au vijiti, au hufuma vyavu kati ya mawe. Wafumaji wa vyavu huvumilia metali kuliko wenzao, ndiyo maana kuwapo kwao peke yao kusiwatulize.

Kosa la kawaida ni kumchukua kerengende mwembamba kuwa efemera, kwa kuwa naye ana vitu vitatu nyuma. Vyake ni vipana kama majani, na tumbo lake halina matamvua pembeni. Ni tofauti ya pointi 4 na 11, mtazameni kwa kioo.

Hatua ya 6: Hesabu

Kila kundi lililoonekana lihesabiwe mara moja, hata kama lina mdudu mmoja. Jumlisheni pointi, gawanyeni kwa idadi ya makundi. Mfano wa kufundishia: kituo cha juu kina minyoo bapa, kaa, plekoptera, efemera waogeleaji, efemera wengine, trikoptera, kerengende wanene, mende wa maji na mabuu ya nzi. Jumla ni 64, makundi 9, wastani 7.1. Kituo cha chini kina minyoo, ruba, konokono, kunguni wa maji, mabuu ya nzi, kerengende wembamba na efemera waogeleaji. Jumla 24, makundi 7, wastani 3.4.

Madaraja ya “kizuri” na “kibaya” ya miniSASS yalipangwa kwa mito ya Afrika Kusini. Mimi nawashauri msiyategemee. Kijito chenu kilinganishwe na chenyewe cha jana na cha jirani yake.

Wastani huo una udhaifu mmoja. Efemera bapa wakishuka kutoka 80 hadi 3, pointi zinabaki zile zile, kwa kuwa kundi bado lipo. Kwa hiyo ongezeni hesabu ya vichwa: chukueni wadudu 200 wa kwanza bila kuchagua, mwandike wangapi ni efemera, plekoptera na trikoptera. Sehemu yao ndani ya 200 huanza kushuka kabla ya pointi kushuka.

Hatua ya 7: Kufanya daftari liwe ushahidi

Hifadhini wadudu wachache wa kila aina kutoka kila kituo, wengine warudishwe majini. Karatasi ngumu yenye tarehe, kituo na majina ya waliokusanya iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye pombe, na karatasi ya nje hubanduka. Badilisheni pombe baada ya siku moja, kwa sababu maji ya miili ya wadudu huipunguza nguvu.

Ukurasa wa siku usainiwe na wote waliokuwapo, na shefu au mwakilishi wake. Makosa yakatwe kwa mstari mmoja, yasifutwe. Pigeni picha za kila ukurasa jioni ile ile, zitumeni kwa watu wawili walio nje ya kijiji.

Msimu mmoja angalau, pelekeni maji na tope maabara. Chukueni chupa kutoka kwa maabara yenyewe na mfuate maelekezo yao. Tope ni la lazima: miamba yetu ya dolomiti, jamii ya mawe ya chokaa, hufanya maji yasiwe na asidi, na katika maji ya namna hiyo shaba haikai muda mrefu, huzama na kujishika kwenye tope. Maji huweza kupimwa yakaonekana safi huku sakafu ya kijito imejaa. Wataalamu wa sumu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi ya metali kwa miaka mingi; utafiti wao pamoja na KU Leuven, chuo kikuu cha Ubelgiji, uliotoka mwaka 2009, ulikuta kobalti nyingi kwenye mikojo ya wakazi wa maeneo ya migodi. Biolojia nako kuna wanafunzi wanaotafuta kazi za mwisho wa masomo. Mwombeni mwalimu wao awapitie vichupa vyenu na aandike barua kwamba utambuzi ni sahihi.

Hatua ya 8: Kuipeleka inapohitajika

Sheria ya migodi ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inaitaka kampuni ifanye EIES, yaani uchunguzi wa athari kwa mazingira na kwa watu, kabla ya kupewa kibali cha kuchimba, na wananchi washirikishwe. Hapo ndipo pa kuwasilisha vipimo vyenu. Msingoje matatizo. Ombeni viandikwe ndani ya ripoti kama hali ya mwanzo, na vituo vyenu vinne viwe sehemu ya ufuatiliaji. Katika hati ya makubaliano kati ya kampuni na jamii, ombeni ahadi iwe na namba: vituo gani, mara ngapi kwa mwaka, nani anapima, na kazi gani inasimama hesabu ikishuka.

Ikishuka kweli, rudini ndani ya wiki hiyo hiyo na watu wengine, mpime tena vituo vyote vinne. Cha jirani kikiwa kimeshuka pia, tazameni mvua na joto kwanza. Cha chini peke yake kikishuka, tembeeni kutoka cha kwanza kwenda cha pili mkipindua mawe kila mita 50 mpaka mpate mahali efemera bapa wanapoishia. Pigeni picha hapo, chukueni maji na tope, waambieni wanaochota chini waache kuchota mpaka majibu yarudi. Barua iende kwa kampuni, kwa shefu, na kwa ofisi ya mazingira ya mkoa kwa siku moja, kila nakala ikigongwa muhuri wa kupokelewa, na daftari lenyewe libaki nyumbani.